Nyota Isiyo ya Ukoo wa Jua

Siku wazee wa Nicholas walipokuja kumposa Chemutai, msichana mwenyewe alikuwa amelewa furaha tangu alfajiri, na si kwa sababu ya Nicholas peke yake. Hapo ndipo majirani walipokosea. Walimwona akipita uani na karai la viazi huku akicheka peke yake, wakaambiana, aa, mapenzi hayo, mwacheni. Mapenzi yalikuwemo, nani atakataa? Lakini nusu nzima ya kicheko kile ilikuwa ya nyota.

Ilikuwa Desemba ya 1993, shule zimefungwa. Chemutai alifundisha fizikia katika shule moja ya wasichana huko juu ya Mogogosiek, na jioni iliyotangulia rafiki yake Shirley Wakonyo alikuwa amefika kutoka Nairobi, ambako alifanya kazi katika maktaba ya chuo. Wakonyo alikuwa binti wa mwenye duka la misumari na mabati pale Kapkatet, na wawili hawa walikuwa marafiki tangu siku za kuvaa sare. Mtu mwingine angemletea rafiki anayeposwa leso, au seti ya vikombe. Wakonyo alimletea fotokopi za makala ya sayansi. Chemutai alizisoma akiwa wima mlangoni, hata kiti hajampa mgeni, halafu akapiga kelele mpaka mbwa wakabweka.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Wazungu walikuwa wamerusha setilaiti inayoona eksirei, na siku moja ikaielekea nyota iitwayo Lambda Eridani. Ni nyota kubwa, nyeupe ya buluubuluu, yenye joto ambalo jua letu halilifikii hata kwa ndoto. Ghafla eksirei zake zikapanda mara kadhaa, zikakaa juu kwa saa nyingi, kisha zikashuka taratibu. Nyota ililipuka! Na vitabu vyote alivyosomea Chemutai vilisema nyota za aina hiyo hazilipuki namna hiyo. Hazina sumaku ya kuzilipua.

"Hawakutarajia, Wakonyo! Wewe unaona? Hawakutarajia kabisa!"

"Naona," alisema Wakonyo. "Sasa naweza kukaa chini?"

Basi asubuhi ya koito, yaani ile siku wazee wa mvulana wanakuja kuomba msichana kwao, Chemutai hakumwacha mtu. Alimwambia mama yake, mama akamwambia apunguze maganda ya viazi, anakata nusu ya kiazi. Akamwambia shangazi yake Phyllis, senge kwa lugha yao, ambaye goti lilikuwa limemsumbua tangu mavuno. Shangazi aliposikia neno eksirei akaacha kuosha sufuria.

"Hiyo nyota inapiga eksirei bure?"

"Inazitoa tu, senge, kwenda kila upande. Lakini hazifiki hapa chini. Hewa inazizuia."

"Hewa inazizuia!" Shangazi Phyllis alitikisa kichwa kwa uchungu. "Kumbe hata hewa siku hizi inataka kitu kidogo."

Wakonyo alicheka mpaka akaketi juu ya gunia la makaa na sketi yake nzuri. Chemutai naye akatoka mbio kwenda kufungua geti, na hapo akakutana na Baba Mkubwa Kipkemboi, kaka ya baba yake, akiingia na fimbo na koti la kanisani. Mtu mwenye akili angesalimia na kupisha. Yeye alisalimia na kuanza: "Baba Mkubwa, unajua kila nyota unayoiona ni jua? Jua kabisa, ni vile ziko mbali. Na moja imelipuka!"

Kipkemboi alimwangalia kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa. "Kila nyota ni jua," alisema. "Nimesikia." Akaenda zake sebuleni.

Sasa, huyo Kipkemboi ndiye aliyekuwa na neno. Baba ya Chemutai alikuwa mtu mpole ambaye hata ng'ombe walimzungusha, na katika mambo ya kuoza mabinti alimwachia kaka yake. Kipkemboi alikuwa mzee wa kanisa, sawa, lakini ukoo kwake ulikuwa ukoo. Kwa Wakipsigis kila ukoo una kitu chake, kiwe mnyama, kiwe ndege, ambacho hawakipigi, na watu wa kitu kimoja ni ndugu hata kama hawajawahi kuonana. Ndugu hawaoani, basi. Ukoo wa kina Chemutai ulikuwa wa jua. Mwaka mmoja kabla, Kipkemboi alikuwa amewarudisha wageni wa binamu yake Chemutai wakiwa wameshakunywa chai, kwa sababu tu ukoo ulifanana, na yule binamu alilia mpaka Pasaka.

Chemutai alikuwa na miaka ishirini na minane. Nicholas, daktari wa ng'ombe wa kule Soin, alikuwa amemngoja miaka miwili akipanda mlima na pikipiki yake kila Jumapili. Wazee wakirudishwa leo hawaji tena. Alilijua hilo vizuri, na ndiyo sababu kila alipoacha kucheka alichungulia barabara.

Wageni walifika kabla ya saa saba, watu kumi hivi, viatu vimejaa tope. Mbele alitembea Kepher, jirani ya kina Nicholas, ambaye aliletwa kwa ajili ya mdomo wake. Kila koito inahitaji msemaji, na Kepher alisema mpaka usingizini. Nyuma kabisa alikuja Gogo Taprandich, nyanya yake Nicholas, ameshikwa mkono, na Nicholas mwenyewe, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kuinamisha kichwa na kunyamaza.

Mlangoni pa jikoni Kepher alisimama kusalimia akina mama. "Chamgei! Msichana wetu anapenda nini, tujue kumsifia?"

"Nyota," alisema Shangazi Phyllis. "Nyota na jua, tangu jana hatulali."

Kepher aliliweka hilo mfukoni. Laiti angelisahau hapo hapo mlangoni.

Sebuleni waliomba, wakasalimiana upya, wakauliza habari za mvua na majani chai na bei ya kiwandani. Jikoni wanawake walibanana kwenye dirisha linalotazama sebule, Chemutai chini yao wote, amepiga magoti, Wakonyo amemshika bega. Walisikia Kepher akianza. Alimsifu Nicholas, akasifu ng'ombe aliotibu, akasifu wazazi wa msichana, paa lao na ua lao. Kisha, akiwa ameshapata moto, akamwaga ile ya mfukoni.

"Na tumesikia binti yenu ni mtu wa nyota na jua! Wazee, Mungu ana mipango. Babu ya huyu kijana alikulia wapi? Katika nyumba ya jua! Alilelewa na mzee wa ukoo wa jua, akafuata desturi zao zote. Asubuhi alisimama uani akalisalimia jua kabla ya kunywa kitu. Hata huyu Nicholas anasalimia! Jua kwa jua, wazee! Nani atatenganisha?"

Kipkemboi alisogea mbele kitini. Kepher alidhani ameguswa, akaongeza tabasamu.

"Rudia," alisema Kipkemboi.

Kepher akarudia, na bado akaongeza chumvi.

"Hapa umeingia nyumba ya ukoo wa jua," alisema Kipkemboi. "Kama huyu ni mjukuu wa nyumba ya jua, basi amekuja kuposa dada yake. Tumshukuru Mungu imejulikana mapema. Kunyweni chai, mpate nguvu ya safari."

Ala! Jikoni mtu aliangusha kifuniko. Mama yake Chemutai alijifunika uso na leso. Kule sebuleni Kepher alianza kusema siyo, yaani, alilelewa tu, si kwamba, na kila alivyojitoa alizidi kuzama, maana ni yeye aliyeapa kwamba desturi zote zilifuatwa. Wageni wakaanza kutafuta kofia zao. Nicholas aliinua kichwa mara moja, akatazama dirishani, na Chemutai akayaona macho yake.

Msichana haingii kwenye koito mpaka aitwe. Hilo analijua kila mtoto. Chemutai alisimama akapita katikati ya shangazi zake, akachukua sufuria ya chai kwa mkono mmoja na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, kwa mwingine, ili aonekane amekuja kuhudumu. Wakonyo alijaribu kumshika nguo, akabaki na kitambaa cha kichwa.

"Hujaitwa," alisema Kipkemboi.

"Nimeleta chai, Baba Mkubwa. Na nina swali moja tu. Mtu akifanya mambo ya ukoo fulani, ndiyo kusema amezaliwa nao?"

"Unauliza kwa nini?"

"Kwa sababu ya ile nyota."

Baba yake aliguna kwa aibu. Lakini Kipkemboi alikuwa na udhaifu mmoja, alipenda kesi. Aliegemea fimbo. "Asubuhi uliniambia kila nyota ni jua. Sasa unataka kubadilisha?"

Hapo Kepher alimkonyeza kwa jicho zima: kataa, kataa! Na ingekuwa rahisi kweli. Aseme tu nyota si jua, inafanya tu kama jua, asubuhi alikosea. Lakini Chemutai alikuwa amefundisha wasichana mia kadhaa kwamba nyota ni jua, na mdomo ulikataa kusema vingine.

"Sibadilishi. Nyota ni jua. Lakini hazilipuki kwa sababu moja, na hapo ndipo kesi iko."

Ndipo mvua ya mawe ikaanza. Ile ya Kericho, inayokuja mchana bila kubisha hodi, ikayapiga mabati mpaka hata kikohozi hakisikiki. Baba yake akaruka dirishani akilia, "Majani yangu!" Mtu mwingine angengoja ipite. Chemutai aliweka sufuria juu ya meza, akavuta pumzi, akaanza kufundisha kwa sauti ya uwanja wa mpira.

"JUA LETU NI KAMA HII CHAI! Juu yake kunachemka! Inapanda, inashuka, inajikoroga! Hiyo mikorogo ndiyo inaleta nguvu za sumaku, sumaku inajisokota mpaka inakatika, jua linalipuka! Tumeelewana?"

"TUMEELEWANA!" walipiga kelele wazee wa pande zote mbili, kama darasa.

"NYOTA KUBWA YENYE JOTO NI KAMA MURSIK!" Akakiinua kibuyu. "Ngozi yake imetulia! Haichemki! Kwa hivyo haifai kuwa na sumaku, haifai kulipuka! Lakini hii imelipuka! SASA MSUKUMO UMETOKA WAPI?"

Wazee walikitazama kibuyu. Mzee mmoja wa upande wa wageni, aliyekuwa ameshavaa kofia, akaivua tena. Nicholas alikuwa amejifunika mdomo na kiganja na mabega yanatikisika, na Chemutai alimpenda hapo kuliko siku zote.

"Lakini mursik inalipuka," alisema Kipkemboi. Mvua ilikuwa imepungua kidogo na akasikika. "Ukikifunga kibuyu vizuri ukakisahau, kizibo kinaruka. Mama yangu aliwahi kupigwa nacho hapa." Akaonyesha paji la uso.

"Na kwa nini kinaruka, Baba Mkubwa, wakati hakuna moto?"

"Kwa sababu ya kilichomo. Kile kilichofungiwa ndani tangu mwanzo."

Chemutai karibu amkumbatie. "Hivyo ndivyo wengine wanavyofikiria! Hakuna aliye na hakika bado, sitakudanganya. Lakini wanasema labda sumaku yake haikutengenezwa huko juu kama ya jua. Labda ilizaliwa nayo. Ilitoka nayo kwenye wingu lililoizaa. Unaona? Inafanya kama jua, inalipuka kama jua, lakini asili yake ni nyingine. Ukitazama matendo tu, utakosea. Lazima uulize ilikuja na nini."

 Kipkemboi alipiga fimbo sakafuni mara mbili, pole pole.

"Basi," alisema, akiwageukia wageni, "huyo babu alikuja na nini?"

Kepher alifungua mdomo, watu watatu wakamwambia funga. Na hapo ndipo Gogo Taprandich, ambaye muda wote alikuwa ameshika kikombe chake kwa mikono miwili, akasema, "Mume wangu alikuja mgongoni."

"Mgongoni pa nani, gogo?"

"Mgongoni pa mama yake, pa nani tena? Ilikuwa njaa. Baba yake alishafariki huko ng'ambo ya bonde. Mzee wa jua akawapa nyumba na maziwa. Alikuwa mtu mzuri, na mume wangu akampenda, akamwiga kila kitu, hata kutembea. Lakini siku za kutahiriwa zilipofika, huyo huyo mzee akasema, huyu mtoto ana watu wake, aitwe kwa kitu cha baba yake. Ikawa hivyo." Akanywa chai. "Hamkuniuliza. Mlikuwa mnamsikiliza huyu redio." Akamwonyesha Kepher kwa kidevu.

"Kitu cha baba yake ni kipi?" aliuliza Kipkemboi, halafu akainua mkono haraka. "Usiseme! Njoo uniambie sikioni."

Mzee mjanja! Aliinamisha kichwa, Gogo akamnong'oneza. Kipkemboi akakaa sawa, akamtazama Nicholas, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mtu alimwuliza kijana swali.

"Wewe daktari. Hujasikia alichosema nyanya yako?"

"Sijasikia, mzee."

"Baba yako alipokuwa anakulea, alikukataza kupiga kitu gani?"

Nicholas alikuna kisogo. Chemutai hakuwahi kuzungumza naye habari hiyo. Walikuwa wameongea juu ya Mungu, juu ya majina ya watoto, juu ya kwato za ng'ombe, lakini hili hapana. Kama angesema jua, au aseme hakukatazwa kitu, basi imekwisha, na sasa hakuna nyota yoyote ya kumsaidia. Alimwona Nicholas akiinamisha kichwa kwa haya.

"Ni jambo la kuchekesha, mzee."

"Tuchekeshe."

"Chura," alisema Nicholas. "Hatupigi chura, hata kwa bahati mbaya. Wakati wa mvua nasimamisha pikipiki mpaka avuke. Ndiyo maana Jumapili huwa nachelewa."

Kipkemboi alimtazama Gogo. Gogo alimtazama Kipkemboi. Kisha yule mzee akaanza kucheka, kicheko kizito ambacho hakuna mtoto wa nyumba ile aliyewahi kukisikia, akapiga goti lake, akapiga na la baba yake Chemutai. "Chura!" alisema. "Watu wa chura! Hao tunaoa kwao tangu zamani!"

Jikoni palilipuka vigelegele. Shangazi Phyllis alisahau goti akaruka, kisha akalikumbuka akapiga mayowe, na hakuna aliyejua yapi ni ya furaha na yapi ni ya goti. Kepher alikuwa ameshasimama kudai kwamba hivyo ndivyo alivyotaka kusema tangu mwanzo.

"Kaeni!" alisema Kipkemboi. Akamgeukia Chemutai. "Na wewe toka."

"Nitoke?"

"Hujaitwa. Toka, uitwe, ndiyo uingie kama binti wa watu. Haya."

Akatoka. Alisimama chini ya paa mvua ya mawe ikimwagika hatua moja mbele ya viatu vyake, Wakonyo akimfunga kitambaa upya na kumwambia aache kutikisika, naye Wakonyo mwenyewe akitikisika zaidi. Waliangaliana wakacheka mpaka wakashikana wasianguke. Ndani ikasikika sauti ya mama yake ikimwita jina, kwa adabu yote, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Aliingia akiinamisha kichwa. Alisimama mahali anaposimama msichana. Kipkemboi alikohoa akaanza kwa sauti ya kanisani: "Chemutai, watu hawa wamekuja kwetu. Wanasema wanatafuta mke wa kijana wao, na kijana ni huyu. Sisi wazee hatuna neno. Limebaki lako. Unamtaka?"

Na Chemutai, aliyesema na kila mtu tangu alfajiri, aliyewafundisha wazee wa koo mbili juu ya kelele za mabati, alikosa sauti.  Aliiona mikono ya baba yake ikishikana mapajani. Aliviona viatu vya Nicholas, vimepigwa rangi upya na bado vina tope. Machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa.

"Ndiyo," alinong'ona.

"Hatusikii," alisema Kipkemboi, akiweka mkono sikioni. "Sema kwa sauti, kuna mvua."

Akajaza kifua, akafumba macho, akapiga kelele kwa nguvu zake zote: "NDIYO! NAMTAKA!"

Lakini mvua ilikuwa imekatika wakati ule ule, papo hapo, kama inavyofanya huko, na dunia nzima ilikuwa kimya. Sauti yake ilitoka dirishani, ikashuka mteremko wote wa chai, ikafika mpaka kwenye kibanda cha kupimia majani ambako wachumaji walikuwa wamejikinga.  Chemutai alijishika mdomo kwa mikono miwili. Halafu kutoka kule chini, mwanamke mmoja ambaye hakumjua na hakuwahi kumwona alijibu kwa kigelegele kirefu, na wenzake wote wakampokea.